Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kusoma Hadithi za Mapenzi za Mashabiki Zinazotokea Anga za Mbali

Malalamiko ni yaleyale kila mara. Msomaji amefungua hadithi ya mapenzi iliyoandikwa na shabiki wa tamthilia ya vyombo vya anga, akasoma sura mbili, akaifunga. Ukimuuliza kulikoni, atakupa moja kati ya majibu matatu. "Sikujua hao watu ni akina nani." Au, "Mbona ni mahaba tu, sayansi iko wapi?" Au kinyume chake, "Mbona ni mitambo tu, mapenzi yako wapi?"

Wa kwanza ameruka maandalizi, na dawa yake ni rahisi. Hao wawili wengine wana ugonjwa mmoja. Wameipasua hadithi vipande viwili, kimoja cha roho na kingine cha injini, halafu kila mmoja anasoma kipande chake na kulalamika kwamba ni chembamba. Hadithi nzuri ya aina hii haipasuki hivyo. Kinachowazuia wapenzi kushikana mikono ndicho hichohicho kinachoendesha chombo: umbali, kasi, muda, miili isiyofanana. Ukishajua kukitazama hicho, mengine yanakuja yenyewe.

Maneno mawili matatu kabla hatujaanza. Hadithi ya shabiki ni ile mtu anayoiandika kwa mapenzi yake, kwa kawaida bila malipo, akitumia wahusika na ulimwengu uliobuniwa na mwingine. Ulimwengu huo wa mwanzo nitauita kazi asilia. Wawili wanaopendanishwa nitawaita jozi, ingawa mashabiki wenyewe husema shipu.

## Utakavyohitaji

Ulimwengu mmoja unaoujua. Tamthilia, filamu, kitabu au mchezo wa kompyuta, mradi umeutazama au kuusoma mwenyewe na unakumbuka umeishia wapi. Kusimuliwa hakutoshi. Utaona kwa nini tukifika hatua ya 4.

Jozi moja. Usichague mbili. Na isiwe lazima ile inayopendwa na wengi. Chagua wawili ambao ulipowatazama ulijikuta unasubiri waonekane tena.

Hadithi tatu fupi za jozi hiyo, za waandishi watatu tofauti, zote zimekamilika, kila moja kati ya maneno 2,000 na 8,000. Ile ya maneno 300,000 ambayo kila mtu anaisifu iache kwanza. Itakungoja.

Mahali pa kuzipata. FanFiction.net na Wattpad zina nyingi, lakini kwa zoezi hili tumia Archive of Our Own, ambayo wengi huiita AO3, kwa sababu lebo zake, yaani maneno mafupi juu ya ukurasa yanayoeleza kilichomo ndani, ni za kina. Huhitaji akaunti ili usome, ingawa wapo waandishi wanaofungia kazi zao kwa wenye akaunti tu. Hadithi unaweza kuipakua kwa EPUB au PDF ukaisoma bila intaneti.

Karatasi na kalamu. Simu inaweza kuandika pia, lakini dakika tano baadaye utakuwa unajibu ujumbe wa mtu.

## Hatua ya 1: Andika pengo kwa sentensi moja

Kazi asilia zote zina matundu. Kamera inageuka pembeni. Askari wawili wanakwama kwenye lifti ya kituo cha anga kwa muda wa saa sita, na sisi tunaonyeshwa mlango ukifungwa, kisha mlango ukifunguliwa. Mhusika anampoteza mwenzake Jumanne, na sehemu inayofuata yuko kazini anapiga ripoti kama kawaida. Hadithi ya shabiki huzaliwa ndani ya tundu hilo.

Kabla hujasoma chochote, liandike tundu la jozi yako. Mfano: "Walikwama siku nne kwenye sayari ya barafu, tulionyeshwa siku ya kwanza na ya mwisho."

Kwa nini: ukijua pengo liko wapi, utajua mwandishi anajenga nini juu yake. Usipolijua, maelezo ya siku ya pili na ya tatu yatakuchosha, ilhali ndiyo kiini chenyewe.

Tahadhari: usiandike unachotamani kitokee. "Waoane" si pengo, ni maombi. Ukienda na maombi mkononi utaihukumu kila hadithi kwa kuangalia kama imeyajibu.

Umefaulu kama mtu asiyeijua tamthilia hiyo akisoma sentensi yako anauliza, "Kisha?"

## Hatua ya 2: Soma lebo kabla ya sura

Wengi wanaruka hapa, halafu wanakuja kulia kwamba wameuliwa mhusika wao bila taarifa. Taarifa ilikuwepo, juu kabisa ya ukurasa.

Anza na alama iliyo kati ya majina mawili. Mkwaju, yaani "/", maana yake jozi hiyo ina uhusiano wa kimapenzi au wa kimwili. Alama ya "&" maana yake ni urafiki, undugu au ushirika wa kazi. Ukifungua yenye "&" ukitafuta busu, utasoma hadi mwisho na kumlaumu mwandishi kwa kosa lako.

Kisha kiwango cha umri. AO3 ina viwango vinne, kuanzia kinachomfaa kila mtu hadi kile cha watu wazima chenye mambo ya wazi kabisa, na cha tano ni cha kazi ambazo hazikupewa kiwango. Hicho cha tano kichukulie kwamba ndani kunaweza kuwa na lolote.

Sasa mtego. Kwenye sehemu ya maonyo, AO3 ina maneno mawili yanayofanana machoni mwa mwenye haraka. Moja linasema hakuna onyo linalohusika. Jingine linasema mwandishi ameamua kutotumia maonyo. La kwanza ni ahadi: katika yale makuu, kama kifo cha mhusika mkuu, ukatili ulioelezwa waziwazi au ubakaji, hakuna. La pili halikuahidi kitu. Mhusika wako anaweza kufa sura ya tatu na mwandishi hajakosea.

Tazama pia hesabu ya sura. 12/12 imekamilika. 12/? mwandishi bado anaandika na hajui itaishia wapi, au ameiacha miaka mingi iliyopita. Angalia tarehe ya mwisho kuguswa.

Mwisho, usichague kwa kupanga hadithi kulingana na idadi ya pongezi (kudos, alama ambayo wasomaji huiachia hadithi waliyoipenda) halafu ukachukua tatu za juu. Pongezi hujikusanya kadiri miaka inavyokwenda, hivyo kazi za zamani hukaa juu hata kama zilizokuja baadaye ni bora. Chukua moja ya juu, moja ya mwaka huu, na moja ambayo maelezo yake mafupi yamekugusa tu.

Umefaulu kama unaweza kusema, kabla ya kusoma mstari wa kwanza, hadithi hii inakuahidi nini na inakataa kukuahidi nini.

## Hatua ya 3: Tafuta sheria iliyosimama kati yao

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapopotelea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Katika kila ulimwengu wa kubuni wa kisayansi kuna sheria. Chombo kinakwenda kwa kasi gani? Ujumbe unachukua muda gani? Nani anaweza kupumua hewa ya nani? Roboti anaruhusiwa kukataa amri? Mwandishi mzuri wa mapenzi huichukua mojawapo ya sheria hizo na kuiweka katikati ya kitanda.

Chukua umbali. Ujumbe wa redio kutoka duniani hadi Mwezini hufika kwa sekunde 1.3 hivi, na watu wawili wanaweza kugombana vizuri tu. Kwenda Mirihi, huchukua kati ya dakika 3 na 22, kutegemea sayari hizo mbili ziko pande gani za jua. Hapo ugomvi umekufa. Huwezi kumkatiza mtu kauli iliyotoka kinywani mwake dakika ishirini zilizopita. Huwezi kusema "samahani, sikumaanisha" ikafika kabla ya jeraha. Mapenzi yanayopita kwenye waya wa namna hiyo lazima yabuni adabu mpya, na hiyo adabu ndiyo unayoisomea.

Chukua saa. Siku ya Mirihi ni ndefu kuliko ya duniani kwa karibu dakika 40. Wapenzi wawili, mmoja huku mmoja kule, wakiahidiana kuzungumza "kila jioni", baada ya siku 18 hivi jioni ya mmoja itakuwa imeangukia asubuhi ya mwenzake. Hakuna aliyekosa uaminifu. Sayari tu zinazunguka zinavyozunguka. Mwandishi akiijua hesabu hiyo, ana msiba mzima mkononi bila kuhitaji mtu mbaya.

Chukua kasi. Kwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga, mwaka mmoja ndani ya chombo ni kama miaka saba kwa waliobaki. Rubani anaaga akiwa na miaka 30, sawa na mpenzi wake, anakwenda safari ya miaka miwili kwa saa yake, anarudi kumkuta mpenzi huyo amemzidi umri kwa kumi na miwili. Je, bado ni mume wake? Ni nani amemsubiri nani?

Au chukua mwili. Mwaka 1967 tamthilia ya anga ya Star Trek ilirusha sehemu iliyosema kwamba Wavulkani, watu wanaojisifu kwa kutawala hisia zao, hushikwa na hali ya mwili inayowataka wajamiiane la sivyo wafe. Tamthilia ikalipita jambo hilo kwa pigano na muziki. Mashabiki hawakulipita. Maswali yaliyobaki ni mazito: anayempenda mtu aliye katika hali hiyo amwambie nini? Akikubaliwa, amekubaliwa na mtu au na homa? Hadithi zilizoandikwa kutokana na tundu hilo moja hazihesabiki, na zile bora zinahangaika na ridhaa kwa umakini kuliko riwaya nyingi za mapenzi ninazozijua.

Sasa fanya jaribio. Mimi huliita jaribio la ofisi. Baada ya kusoma kurasa chache, watoe wapenzi kwenye chombo, wapeleke kwenye ofisi ya kawaida yenye meza na mashine ya kuchapisha. Hadithi imebaki vilevile? Basi anga lilikuwa pazia la ukutani. Imevunjika? Umeipata sheria. Iandike chini ya sentensi yako ya pengo.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, wapo waandishi wanaowahamisha wahusika makusudi: wanawaweka kwenye mgahawa, shuleni, kwenye duka la maua. Huo unaitwa ulimwengu mbadala, na utauona kwenye lebo. Usiufanyie jaribio la ofisi, utakuwa unauonea. Ya pili, usigeuke mkaguzi. Injini ya kupita kasi ya mwanga haipo, sote tunajua. Ulimwengu ule ukisema ipo, ipo. Kosa ni pale mwandishi anapoikumbuka sheria sura ya kwanza na kuisahau sura ya nane kwa sababu alitaka wapenzi wakutane haraka.

Umefaulu kama unaweza kumalizia sentensi hii: "Wangekuwa pamoja leo, isipokuwa..." na kilichofuata hakiwezi kutokea duniani kwetu.

## Hatua ya 4: Soma kipande kimoja kwa jicho la karibu

Sasa tutasoma. Kipande hiki nimekitunga kwa ajili ya zoezi, ili nisiguse kazi ya mtu. Tuseme kuna tamthilia ambamo Ilara yuko kituoni Mirihi na Teno amerudishwa duniani. Katika sehemu ya mwisho ya msimu, mlango wa chombo ukiwa unafungwa, Teno alivua koti lake akamrushia. Hawakusemezana. Shabiki akaandika haya:

*Saa mbili kamili Ilara aliwasha kinasa sauti. "Nimekula," alisema. "Ndiyo, mkono unauma, lakini si kama jana. Na hapana, sijalitupa lile koti." Akazima.*

*Dakika kumi na tisa baadaye taa ya kupokelea iliwaka.*

*"Umekula?" sauti ya Teno iliuliza. "Mkono je?" Kikafuata kimya kifupi, mkwaruzo wa kiti. "Haya. Kesho."*

*Ilara akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Akavaa koti, akaenda zamu.*

Msomaji mwenye haraka ataona mwanamke amesikiliza ujumbe akaenda kazini. Twende taratibu.

Kwanza, majibu yanatoka kabla ya maswali. Kwa nini? Kwa sababu dakika 19 zimewafundisha kutosubiri. Kila mmoja anazungumza saa ileile, akijibu anachoamini mwenzake anauliza muda huohuo. Hiyo ndiyo adabu mpya niliyokuambia. Hakuna aliyetuambia wanapendana, lakini watu wasiopendana hawawezi kufanya mchezo huo hata siku moja, maana unahitaji umjue mtu mpaka maswali yake.

Pili, hesabu. Ilara ametoa majibu matatu. Teno ameuliza maswali mawili. Koti halikuulizwa.

Tatu, kimya na mkwaruzo wa kiti. Teno amesita. Je, swali la tatu lilikuwa mdomoni akalimeza? Au amelisahau, na kiti ni kiti tu? Mwandishi hasemi, na Ilara hajui. Ndiyo maana anarudisha sauti nyuma. Amesikia vizuri mara ya kwanza; anachokitafuta ni kile kisichokuwepo.

Nne, anavaa koti. Hapa ndipo asiyeijua kazi asilia anapobaki nje. Kwake ni nguo ya baridi. Kwako wewe uliyeuona ule mlango ukifungwa, ni barua ya pekee waliyowahi kupeana. Mwandishi hakulieleza kwa sababu alijua unalijua. Hadithi za mashabiki huandikwa hivyo mwanzo hadi mwisho. Wanaokumbuka pamoja hawahitaji kusimuliana, na nusu ya sentensi imebaki kichwani mwako.

Fanya hivyo kwa hadithi yako ya kwanza. Chagua aya moja, si zaidi. Jiulize: kitu gani hapa kina uzito kwa sababu ya niliyoyaona kwenye kazi asilia? Kitu gani kingewezekana tu ndani ya sheria niliyoiandika? Na nani amenyamaza wakati alipaswa kusema?

Umefaulu kama umegundua jambo moja ambalo hukuliona mara ya kwanza, na likakufanya urudi nyuma kama Ilara.

## Hatua ya 5: Sikiliza sauti zao

Funika majina kwa kidole. Soma mazungumzo. Unajua nani anasema? Kama wote wawili wanazungumza kwa ulimi mmoja, mwandishi amewasahau wahusika na anajisemea mwenyewe.

Kuna kosa moja litakalokutana nawe mapema: mhusika mkavu, mwenye maneno matatu kwa siku, ambaye akipendwa tu anafunguka kama bomba na kuanza kumwaga "mpenzi wangu wa maisha". Mashabiki husema amevunjwa tabia. Swali la kujiuliza ni hili: mtu mkavu akipenda, ukavu wake unafanana na nini? Mhandisi asiyejua kusema "nakupenda" anaweza kurekebisha joto la chumba cha mwenzake kwa nyuzi mbili bila kuombwa. Mwandishi akikuonyesha hilo, ameshika sauti.

Kubali mabadiliko, ilimradi uone njia yalimopita. Nahodha mkali hawezi kuwa laini kwa aya moja, lakini kwa sura ishirini anaweza. Ndiyo sababu mashabiki wanazipenda zile za kuchemka polepole, ambazo wapenzi hawashikani mkono mpaka karibu na mwisho.

## Hatua ya 6: Yajue mazoea, kisha tazama yamepindwa wapi

Utakutana na mambo yanayojirudia. Chumba kina kitanda kimoja. Maadui wanalazimika kugawana hewa ya oksijeni iliyobaki. Chavua ya ua la sayari ngeni inamfanya kila aliyeivuta aseme ukweli. Siku moja inajirudia, na mmoja tu ndiye anayekumbuka. Akili mbili zinaunganishwa na haziwezi kutenganishwa tena.

Mgeni akiyaona mara ya tatu anasema waandishi hawana ubunifu. Anakosea mahali pa kutazama. Mazoea hayo yapo kwenye lebo, yametangazwa, na msomaji ameyafuata makusudi. Hakuna anayesoma ili ajue kama kitanda kitakuwa kimoja. Anasoma ajue *hawa* wawili watalala vipi humo: roboti asiyehitaji usingizi atafanya nini usiku kucha kando ya mtu anayekoroma?

Kwa hiyo andika zoea la hadithi yako, halafu andika limepindwa wapi. Chavua ya ukweli ni kawaida. Chavua ya ukweli inayomkuta mhusika ambaye hajawahi kusema uongo, hivyo hakuna anayetambua kwamba naye ameivuta, hiyo naivulia kofia.

Tahadhari: mazoea yanayohusu kulazimishwa, kama dawa, akili kuunganishwa, au mwili kushikwa na homa, yatazame kwa makini zaidi. Mwandishi anajua kwamba ridhaa hapo ina utata, au ameipita kama haipo? Una haki ya kufunga ukurasa. Huhitaji kumwandikia mtu insha kueleza kwa nini umefunga.

## Hatua ya 7: Soma ya pili na ya tatu

Niliposema tatu nilimaanisha tatu. Hadithi moja ya shabiki ikiwa peke yake ni nusu ya kitu. Raha yenyewe inaanza pale tundu moja linapozibwa na watu watatu kwa namna tatu.

Chora safu tatu kwenye karatasi yako, moja kwa kila hadithi. Juu ya kila moja andika sheria iliyotumika, zoea, na nani anayetamka mapenzi kwanza. Hicho cha mwisho kina siri. Mwandishi wa kwanza amempa kauli yule mkavu, wa pili amempa mwenzake, wa tatu hakumpa yeyote, akaacha koti liseme. Hapo utaona kwamba wamesoma mhusika yuleyule wakamwona tofauti, na utajikuta una upande.

Jihadhari na jambo moja linalowapata hata wakongwe. Ukisoma nyingi, utaanza kukumbuka vitu ambavyo kazi asilia haikuvisema kamwe: dada wa nahodha, kovu begani, chai anayoipenda. Mashabiki waliviandika, wengine wakaviiga, vikawa kama kweli. Mimi nimewahi kubishana nusu saa nikitetea jina la mji aliozaliwa rubani mmoja, nikaenda kutafuta ushahidi, nikakuta limetoka kwenye hadithi ya shabiki niliyoisoma usiku mmoja nikiwa na mafua.

Umefaulu kama unaweza kusema ipi kati ya tatu ni sahihi zaidi kwako, na sababu yako haina neno "nzuri" ndani yake.

## Hatua ya 8: Mwachie mwandishi neno

Hakulipwa. Ulichomlipa ni muda wako, na hawezi kuuona. Kwenye AO3 kuna kitufe cha pongezi. Kibonyeze, kila msomaji ana pongezi moja kwa kila kazi. Lakini maoni yana uzito wa peke yake, na hii ni hatua ya kusoma pia, kwa sababu huwezi kuandika maoni mazuri juu ya kitu ambacho hukukiona.

Usiandike "nimeipenda, endelea". Na usiulize "sura nyingine lini?" Swali hilo limewafukuza waandishi wengi kwenye sura nyingine.

Kanuni yangu ni mistari miwili: ulichokiona, na kilikufanya nini. Kwa kipande cha Ilara ningeandika hivi: "Nilihesabu majibu na maswali, nikagundua koti halikuulizwa. Nimeirudisha nyuma sauti ya Teno pamoja na Ilara, nikitafuta kama kile kiti kilisema kitu."

Usisahihishe usipoombwa. Mwandishi anayetaka kusahihishwa huandika hivyo mwenyewe kwenye maelezo yake. Kosa la hesabu ya miaka ya nuru halijamuua mtu.

## Ukikwama

Umesoma zote tatu na hakuna kilichokugusa. Rudi hatua ya 1. Mara nyingi jozi ilikuwa ya rafiki yako, wewe ulikubali tu.

Unazama kwenye majina ya mitambo. Yapite. Sentensi ikiwa na maneno matatu usiyoyajua na hakuna mtu anayehisi kitu ndani yake, irukie inayofuata. Ikiwa ilikuwa muhimu, mwandishi ataitaja tena.

Mhusika mpya, asiyekuwepo kwenye kazi asilia, amekuja na kila mtu anampenda na hakosei. Mpe sura mbili. Waandishi wachanga wengi huanzia hapo, nao wanajifunza. Ikifika sura ya tatu na bado hajakosea, ondoka kimyakimya.

Hadithi imeishia 12/? na mwandishi hajaonekana kwa miaka mitano. Mwandikie maoni hata hivyo. Ujumbe wako utachukua muda kufika, na yeye atakuwa mahali pengine utakapofika. Dakika kumi na tisa, au miaka saba.